Alfajiri ya Kukodi

Fomu ya kuomba nafasi kwenye puto la Seronera, ndani ya hifadhi ya Serengeti, ina kisanduku cha uzito, na ukikiacha wazi haipokelewi. Jina unaweza kulikosea herufi, anwani ya posta unaweza kuiruka, lakini kilo zako wanazitaka, tena zile za kweli. Kwetu Pwani mwanamke huulizwa kilo zake na muuguzi tu. Hata fundi cherehani huzungusha futi yake kimyakimya na kuandika namba anazozijua mwenyewe. Nilikaa mbele ya kile kisanduku nikijiuliza kilo tatu za kujisitiri zingemdhuru nani.

Zingemdhuru rubani. Hewa ina uzito, ingawa tunaishi ndani yake bila kuuhisi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida, huku usawa wa bahari, ina uzito wa kilo moja na gramu mia mbili hivi. Ipashe moto mpaka ikaribie nyuzi 100 za Selsiasi na itatanuka. Sehemu yake itatoka, na itakayobaki katika nafasi ileile itakuwa imepungua karibu robo kilo. Hiyo robo kilo ndiyo nguvu yote ya puto. Hakuna injini wala bawa linalosaidia. Kapu la abiria kumi na sita, mitungi ya gesi, vichomeo, kitambaa na rubani wakifika tani mbili na nusu, hesabu inadai zaidi ya mita za ujazo 10,000 za hewa moto. Na Seronera iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni hafifu na robo kilo yenyewe huanza kupunjika. Ndiyo maana abiria hupangwa kapuni kwa kilo zao, wazito wakigawanywa huku na huku, wala hakuna anayeuliza nani ni bosi na nani ni mke wa nani. Nikaandika zangu zote, na zile za baada ya Idi nikazijumlisha.

Nimekuwa nikiipanga safari hii kwa muda, jioni, baada ya hesabu za ofisini, na kadiri ninavyoipanga ndivyo ninavyoona kwamba haina mambo mengi ya angani. Karibu kila kinachoiamua kiko chini: mizani, baridi ya udongo, kibali cha barabara, na watu walioamka kabla yangu. Matangazo huonyesha puto likiwa juu, jekundu, jua limekaa nyuma yake. Yangeonyesha pia saa nane zilizotangulia.

Tuanze na baridi. Usiku mbuga hupoteza joto lake kwenda mawinguni, au kwenda mbali zaidi kama hakuna mawingu, na hewa iliyolala juu ya nyasi hupoa pamoja na udongo. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutulia chini bila kusumbuana na ile ya juu. Hapo puto hupata mambo mawili kwa mpigo: utulivu, na tofauti kubwa kati ya joto la ndani na baridi ya nje, ambayo ndiyo inayonyanyua. Jua likishapanda, udongo huanza kupata moto kwa mafungu, hapa jiwe, pale nyasi zilizoungua, na kila fungu hurusha hewa yake juu. Tumbusi wanaijua saa hiyo. Asubuhi na mapema utawaona wamekaa kwenye migunga, mabawa yamelegea, kana kwamba wanamsubiri mtu awafungulie mlango. Hawapotezi nguvu kupiga mabawa. Husubiri hewa inayopanda iwabebe bure. Wanapoanza kuzunguka angani, rubani wa puto anapaswa awe ameshatua. Wawili hao hutumia anga ileile kwa zamu.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi Pangani, na jambo hili asingelishangaa. Wavuvi wa ngalawa hutoka na umande, ule upepo mwepesi unaoshuka kutoka bara kabla hakujapambazuka, kwa sababu wanajua saa chache baadaye bahari itakuwa imebadilisha kauli. Tofauti ni kwamba nahodha akiukosa umande ana tanga, ana usukani, na mwisho wa yote ana kafi. Rubani wa puto ana gesi na kamba ya tundu la juu. Anaweza kupanda na anaweza kushuka. Mambo ya kushoto na kulia yako mikononi mwa upepo.

Nilipomweleza mama hayo, aliweka kikombe cha chai chini.

“Mwanangu, hicho kitu kina breki?”

“Hakina, mama.”

“Usukani?”

“Hakina.”

“Na pesa umeshatoa?”

“Bado, naweka akiba.”

“Basi huo upepo umeshaanza kazi.”

Nilicheka, lakini swali lake lina jibu zuri kuliko nililompa. Upepo hauko mmoja. Ule wa karibu na nyasi unaweza kuwa unaelekea magharibi, na ule wa mita 200 juu yake ukawa unakwenda kusini-magharibi, kwa kasi nyingine. Kabla ya kujaza puto kubwa, wahusika huachia kiputo kidogo chenye taa na kukifuata kwa macho gizani: kimepinda wapi, kimechukua muda gani, kimerudi upande gani. Baada ya hapo rubani hupanda na kushuka kutafuta tabaka linalokwenda anakotaka, au angalau lisilokwenda asikotaka. Ni usukani wa aina yake, ila umelazwa wima. Na kwa kuwa puto huenda kwa kasi ileile ya upepo, aliye kapuni hasikii upepo usoni. Ushungi hautikisiki. Utahisi tu pumzi fupi pale mnapovuka kutoka tabaka moja kwenda jingine, kisha kimya, mpaka kichomeo kingurume tena juu ya kichwa chako na kukuchoma utosi. Wazoefu husema vaa kofia, na sababu ni moto huo. Jua bado halijapata ukali.

Hofu ya mama nayo siidharau. Februari 2013, Luxor, Misri, puto lilishika moto wakati wa kutua, likapanda tena likiwaka na kuanguka. Watu 19 walikufa. Ni ajali niliyoisoma yote kabla ya kuendelea na mipango, kwa sababu sipendi kupanga kitu nikiwa nimefumba jicho moja. Nilichojifunza humo ni swali la kumuuliza anayekuuzia tiketi. Usimuulize kama puto ni salama, maana atakwambia ni salama. Muulize mwezi uliopita waliahirisha mara ngapi. Anayejibu kwa fahari kwamba hawajawahi kuahirisha, mshukuru, kisha utafute mwingine.

Mshauri wangu mkuu ni mtoto wa mama mdogo, kijana anayefanya kazi na kikosi cha chini hukohuko Seronera. Yeye ndiye aliyenikataza kuweka safari asubuhi ya mwisho. “Dada, weka siku ya kwanza ukishafika,” aliniambia kwa simu. “Upepo ukikataa, tunakusogeza kesho yake. Ukiweka ya mwisho na upepo ukakataa, utarudishiwa hela, utapanda gari, utalia mpaka lango la Naabi.” Ni ushauri mfupi na sijauona kwenye kijitabu chochote.

Kuhusu mahali, mambo hayana ugumu. Seronera, katikati ya hifadhi, maputo huruka mwaka mzima, na mto una viboko, migunga na miegea yenye matunda yanayoning'inia kama soseji za bucha. Anayewataka nyumbu kwa malaki humfuata nyumbu mwenyewe: kusini, upande wa Ndutu, wakati wa kuzaa, Januari hadi Machi; au kaskazini, upande wa Kogatende na Mto Mara, kuanzia Julai hadi Oktoba. Mimi nimechagua Seronera, na sababu yangu si ya kitaalamu. Ndiko aliko mdogo wangu.

Kilichonipa kazi zaidi ni saa. Gari huwafuata wageni saa kumi na nusu alfajiri, wengine mapema zaidi kulingana na kambi ilipo. Kuendesha usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi kwa wasafiri wa kawaida, hivyo wanaokwenda kwenye puto husafiri kwa kibali, na hiyo nusu saa ya gizani, macho ya fisi yakiwaka pembeni mwa barabara, wengi huisifia kuliko kuruka kwenyewe. Jua Seronera huchomoza saa kumi na mbili na nusu na ushei, kwa sababu wako magharibi sana mwa sisi wa Pwani ingawa saa zetu ni moja. Maana yake, alfajiri ya sala inaingia nikiwa njiani au uwanjani. Nikamuuliza mdogo wangu nitaswalia wapi.

“Palepale kwenye nyasi, dada. Tukishamulika.”

“Mkishamulika nini?”

“Simba.”

Nimeandika kwenye daftari: mkeka mwepesi, udhu kambini, soksi nzito. Na suruali pana chini ya gauni, kwa sababu kapu halina mlango. Lina vitundu ubavuni vya kutia mguu, unapanda kama unavyopanda ukuta wa jirani, na wakati wa kuondoka mara nyingi huwa limelala ubavu, nanyi mmelala chali ndani yake, magoti juu, mkisubiri puto lisimame na kuwasimamisha nyinyi pia.

Niliwahi kuliona likijazwa, mwaka nilioenda Seronera kikazi na mdogo wangu akanipakia kwenye gari la meza na vyombo vya chai. Kwanza hutandazwa chini, kitambaa kirefu kama barabara, na vijana huvua viatu wanapokikanyaga. Halafu feni kubwa huanza kusukuma hewa baridi mdomoni. Vijana wawili husimama kila upande wakiushika mdomo uwe wazi, glovu mkononi, kichwa wamekigeuza, kwa sababu muda si mrefu rubani atafungulia moto na ndimi za moto zitapita katikati yao. Mwingine yuko mwisho kabisa, kwenye utosi wa puto, ameshika kamba na ameegemea nyuma kwa uzito wake wote ili lisiinuke upesi. Huyo ndiye niliyemtazama muda mrefu. Puto lilipokuwa likijinyanyua lilimvuta hatua kwa hatua, visigino vikilima udongo, naye akiliruhusu kidogo kidogo, mpaka lilipokuwa limesimama wima, naye amefika karibu na kapu, akihema, akijifuta jasho kwa bega. Wageni walikuwa wanapiga picha upande wa jua.

Teknolojia yenyewe ni ya zamani na mpya. Akina ndugu Montgolfier walirusha binadamu wa kwanza Paris, Novemba 1783, kwa moto wa majani makavu. Miezi miwili kabla yake walitanguliza kondoo, bata na jogoo. Kisha gesi ya haidrojeni ikaitupa hewa moto pembeni kwa zaidi ya karne, mpaka Mmarekani Ed Yost aliporuka Bruning, Nebraska, Oktoba 1960, na kichomeo cha propeni alichoweza kukizima na kukiwasha. Puto la utalii ni mtoto wa siku hiyo. Maasai Mara, Kenya, lilifika mwaka 1976, Serengeti 1989.

Lakini kwenye maandishi puto lilitufikia mapema zaidi, na lilianzia Unguja. Mwaka 1863 Jules Verne alichapisha Paris riwaya ya Waingereza watatu wanaovuka Afrika kwa puto la haidrojeni kutoka Zanzibar hadi Senegal. Alikuwa hajawahi kupanda puto, na Unguja hakuwahi kufika maishani mwake. Ukiisoma unaona kwa nini alilihitaji puto: wavumbuzi Burton na Speke walikuwa wamekwenda bara kwa miguu, wakitegemea wapagazi, wakalimani na hongo kwa kila mtemi, wakiumwa njia nzima. Verne akaona dawa ni kupita juu ya wote hao. Kwake wenyeji wa Unguja wanalikasirikia puto kwa kudhani litalidhuru jua na mwezi, na wale wa Kazeh, yaani Tabora, wanapoliona wanadhani ni mwezi wenyewe umeshuka.

Huwa natabasamu nikifika hapo, kwa sababu kisa cha kweli cha aina hiyo kilitokea kwao. Agosti 27, 1783, puto lisilo na mtu la Jacques Charles liliondoka Paris na kutua kijiji cha Gonesse. Wanakijiji walilivamia kwa uma za shambani na visu, wakalifunga kwenye mkia wa farasi, na serikali ya Ufaransa ikalazimika kutoa tangazo la kuwatuliza raia wake. Huko nako ndiko hupelekwa asili ya shampeni inayofunguliwa baada ya kutua: husimuliwa kwamba marubani wa mwanzo walibeba chupa ili kumpoza mkulima mwenye shamba. Iwe kweli au porojo, kisa kinajua jambo ambalo Verne alilikwepa. Unaweza kuondoka popote. Kutua ni lazima utue kwenye ardhi ya mtu. Mimi nitaomba juisi ya ukwaju, na nimeambiwa ipo.

Waliomfuata Verne kwa vitendo walikuja miaka 99 baadaye. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith, pamoja na Alan Root na Douglas Botting, waliondoka Unguja kwa puto la haidrojeni liitwalo Jambo, wakavuka bahari hadi bara la Tanganyika iliyokuwa imepata uhuru mwezi Desemba tu, kisha baadaye wakaruka juu ya nyika za Serengeti. Puto la aina hiyo hupandishwa kwa kumwaga mchanga na hushushwa kwa kuachia gesi. Root ndiye aliyeanzisha biashara ya maputo Maasai Mara baadaye.

Kabla yao, anga ya Serengeti ilikuwa na wahesabuji. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama wakati serikali ya kikoloni inabishania mipaka ya hifadhi. Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tumbusi, akafa. Mwaka huohuo Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi wakahamishiwa huko. Wakati mwingine, nikiangalia picha zile nzuri za mbuga kutoka juu, tupu mpaka upeo wa macho, nakumbuka kwamba utupu huo una tarehe. Hilo halinizuii kwenda. Linanifanya nitake kujua, nikiwa juu, ni kilima kipi, ni korongo lipi, na lilikuwa malisho ya nani. Nimemwomba mdogo wangu anipatie mtu wa kuniorodheshea majina kwa Kimaasai. Anasema mzee mmoja anayafahamu, lakini atataka kujua kwanza kwa nini nayauliza.

Na bei. Kichwa kimoja ni karibu dola 600, yaani shilingi milioni moja na nusu na zaidi, kwa saa moja ya kuruka na kifungua kinywa. Kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania hakifiki hata elfu ishirini. Najua gesi ni ghali, kitambaa huchakaa kwa jua na moto, rubani wa kweli hapatikani sokoni, na kila asubuhi iliyoahirishwa mishahara inaendelea. Bado bei hiyo inaniambia wazi kwamba aliyeandaliwa alfajiri hiyo si mimi. Kwenye orodha ya abiria nitakuwa mmoja wa Watanzania wachache, pengine peke yangu, wakati chini, kati ya wanaokunja kitambaa, wanaosogeza meza, wanaokaanga mayai porini na kumimina maji ya kunawa, nitakuwa nyumbani kabisa. Nilimuuliza mdogo wangu kama amewahi kuruka. Mara moja, alisema, walipohitaji kilo za kujazia upande mmoja.

Sitasubiri bei ishuke, kwa sababu haitashuka. Nimefungua akaunti ndogo ya akiba, na nimetenga fungu la bakshishi mapema ili lisiliwe na mengine: sehemu ya rubani, na sehemu kubwa zaidi ya kikosi cha chini, ikabidhiwe kwa kiongozi wao mbele ya wenzake. Mdogo wangu ameomba jina lake lisitajwe hapo, wasije wakasema ameniroga.

Lililobaki lilikuwa gari. Nikitoka kwenye puto ningependa kuendelea na mzunguko wa mbugani moja kwa moja, hivyo dereva wangu anahitaji kujua wapi anisubiri. Nikampigia mdogo wangu, kalamu mkononi, ramani ya Seronera imetandazwa mezani.

“Kwa kawaida mnatua wapi?”

“Dada, mnaotua ni nyinyi,” alisema, na nyuma yake nilisikia mtu akimwita aje kushika kamba. “Sisi tunawafuata kwa gari.”

Nikaikunja ramani, nikampa dereva namba ya simu ya mdogo wangu.